Skrini Iliyopona Ghafla

Skrini ilikuwa safi kabisa, na hilo ndilo lililomkasirisha Inspekta Zipporah Awinja. Alikuwa ametoka Kakamega mjini kwa barabara iliyochimbwa na matrekta ya miwa, amemeza vumbi Jumapili asubuhi ambapo wenzake walikuwa kanisani, yote hayo ili aone skrini mbovu. Sasa alikuwa ameketi mbele yake, na kila tarakimu ilisomeka vizuri hata kwa mtu aliyesimama mlangoni.

"Umejionea mwenyewe, madam," alisema Cornelius Shikanga, msimamizi wa ofisi ya mavuno. Alisimama nyuma ya kiti, mikono mfukoni, shati jeupe limepigwa pasi likakubali. "Hapa hakuna ukungu. Ukungu uko kwa kichwa ya ule msichana."

Msichana mwenyewe, Rosebella Kageha, alikuwa rumande Kakamega. Kazi yake ilikuwa kuketi kwenye kiti hichohicho, kusoma kwenye kompyuta namba ya shamba lililo tayari kuchomwa, kisha kuitamka kwenye simu ya upepo. Kikosi cha kuchoma kilikuwa kikisikia namba, kinalizingira shamba na kulitia moto pande zote nne, ili majani makavu yaishe na miwa ibaki. Ijumaa kompyuta ilikuwa imesema shamba namba thelathini na sita. Rosebella akatamka thelathini na nane. Wakata miwa wa thelathini na nane walikuwa wametoka kwenda kula obusuma, ugali wao wa mchana, isipokuwa mmoja, Masinde, aliyekuwa amejilaza katikati ya miwa kupumzisha mgongo. Kipenga kilipulizwa kama kawaida, lakini upepo ulikuwa ukivuma upande mwingine. Walimpata moto ulipokwisha.

Kesho yake kiwanda kilikuwa tayari kimempata mwenye makosa. Jumatatu Rosebella angesimamishwa mahakamani kwa kusababisha kifo, na kule kwao tayari kulikuwa na vijana waliokwenda kumwonyesha mama yake kiberiti. Utetezi wake ulikuwa sentensi moja tu: skrini ilikuwa haisomeki.

"Nani alisema ni nzima?" aliuliza Awinja.

"Mimi." Aliyejibu ni Lusweti, fundi wa kompyuta aliyeletwa kutoka mjini, kijana mwenye miwani na tai, aliyezungumza kama mtu anayelipwa kwa kila neno. "Niliikagua jana. Waya wake umekaza. Umeme unaingia sawa. Mipangilio haijaguswa. Nimeandika hivyo na nitaapa hivyo."

Awinja alipiga magoti chini ya meza, sare yake ya Jumapili ikiingia vumbi, akaufuata ule waya kwa vidole kutoka nyuma ya skrini hadi kwenye kompyuta. Aliuchomoa, akatazama pini zake moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Hakuna iliyopinda. Akauchomeka, akakaza skrubu zake mbili, akautikisa kwa nguvu. Tarakimu hazikutikisika.

"Hiyo nimeshafanya," alisema Lusweti.

"Na mimi nimefanya. Sasa tumefanya wawili."

Asubuhi, kabla ya kuondoka mjini, alikuwa amepita rumande. Jambo la kwanza alilofanya ni kumpa Rosebella sanduku la kiberiti na kumwambia asome maandishi madogo ya ubavuni. Rosebella aliyasoma yote, pamoja na anwani ya kiwanda kilichotengeneza kiberiti. Kwa hiyo macho hayakuwa na ubovu. Kisha akamwambia aeleze ukungu huo ulivyokuwa, bila kupamba.

"Kila namba ilikuwa mbili, madam," alisema Rosebella. "Moja nyekundu, ingine kijani, zimekaliana. Ukiangalia sana unaumwa na kichwa. Na ilikuwanga mbaya zaidi upande wa kushoto. Kule kulia unaweza kusoma kidogo."

"Ilianza lini?"

"Wiki hiyo tu. Zamani ilikuwanga sawa."

"Ulimwambia nani?"

"Mzee Shikanga. Aliniambia niende nioshe uso."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyokuwa yamemchemsha Awinja njia nzima. Alikuwa ameyasikia maishani mwake mara nyingi kupita kiasi, katika vituo vingi, kutoka kwa wanaume wengi wenye mashati meupe.

Fikra yake ya kwanza ilikuwa rahisi: skrini imebadilishwa. Mbovu imetolewa, nzima ikawekwa. Aliinuka kutoka chini ya meza, akajipangusa magoti na kuchunguza fremu ya skrini. Rosebella alikuwa amemwambia kwamba alibandika pale kibandiko cha ua la njano, kilichotoka kwenye pakiti ya biskuti. Kibandiko kilikuwepo, pembe moja imejikunja, na vumbi limeganda kwenye gundi yake. Awinja alijaribu kukibandua kwa ukucha. Kiligoma. Hicho hakikuwa kibandiko kilichohamishwa jana.

Basi ni skrini ileile. Alitamani kuitupa nje ya dirisha.

"Tumalize, madam?" Shikanga alitabasamu. "Msimu ni huu. Unaona vile tuko. Kila mtu anataka miwa yake iingie."

Hakusema uongo hapo. Miaka ile kiwanda hakikujua Jumapili. Nje matrekta yalipanga foleni hadi barabarani, vilabu vya sokoni vilifunguliwa mchana, na kila boma lililokuwa na miwa lilikuwa linapandisha mabati mapya. Watu wakubwa walikuwa hawataki kusikia chochote kinachoweza kusimamisha mavuno, awe mkata miwa aliyekufa au karani aliyefungwa. Na hilo nalo lilimuudhi Awinja.

Aliketi tena. Safari hii aliacha kutazama tarakimu, akatazama kioo chenyewe, akisogeza uso hatua kwa hatua kutoka kulia kwenda kushoto. Alipofika pembe ya chini, kushoto, alisita. Pale mwanga mweupe ulikuwa na doa hafifu la zambarau, dogo kama kiganja cha mtoto.

"Hii ni nini?"

Lusweti aliinama, akasukuma miwani yake juu. "Ah, hiyo. Hiyo si kitu. Jana ilikuwa kubwa. Nilipozima na kuwasha ikapungua. Hizi skrini za rangi zinajisafisha zenyewe zikiwashwa."

"Jana ilikuwa kubwa," Awinja alirudia polepole. "Na hukuandika."

"Niliulizwa kama skrini ni nzima. Ni nzima."

"Nani alikuambia uizime?"

Lusweti alimtupia Shikanga jicho. "Mzee alisema nianze kwa kuzima na kuwasha, mara kadhaa. Ni kawaida tu, madam."

"Hapa mnazimanga skrini lini?"

"Msimu huu haizimwi," alisema Shikanga. Halafu akageukia dirisha, kana kwamba alikuwa amesema neno moja zaidi ya alilokusudia.

Awinja aliinuka, akasukuma kiti, akatazama sakafu upande wa kushoto wa meza. Ilikuwa sakafu ya saruji nyekundu, iliyopakwa nta na kusuguliwa na mtu anayeijali kazi yake. Lakini karibu kabisa na meza palikuwa na pembenne mbili kubwa zisizong'aa, zimekaribiana, ambazo nta haikuzifikia. Kutoka pale hadi mlangoni, michirizi mipya ilikuwa imekwaruza ule wekundu. Kitu kizito kilikuwa kimeburutwa na watu wenye haraka.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Kabati," alisema Shikanga.

"Makabati mawili?"

"Mawili, ndio. Ya mafaili. Tumeyahamisha."

"Wapi?"

"Stoo."

"Wanyonyi!" Awinja aliita. Konstebo Wanyonyi, dereva wake, mtu mpole mwenye mwili wa fahali, alichungulia mlangoni. "Nenda stoo. Ukiona kabati mbili, uje uniambie. Usipoziona, uje uniambie pia."

Kisha akachukua simu ya mezani bila kuomba ruhusa, akapiga kituoni, akaagiza Rosebella aletwe kwenye simu. Walimchelewesha. Alisikia askari wa zamu akilalamika kwamba ni Jumapili, naye akamwambia Jumapili hiyo ataimaliza akifagia seli kama hataharakisha. Hatimaye akasikia pumzi ya msichana.

"Rosebella, ukiketi kwa meza yako, upande wako wa kushoto kulikuwa na nini?"

"Spika, madam."

"Spika gani?"

"Zile kubwa mbili za mzee Shikanga. Za kukodisha kwa matanga na harusi. Zamani alikuwanga anaziweka kwake nyumbani, lakini wezi walikuja huko. Wiki hiyo akazileta ofisini kwa sababu hapa kuna grili."

Awinja alifumba macho. "Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza, madam." Rosebella alianza kulia. "Na spika na macho yangu zinahusiana aje?"

Aliirudisha simu mahali pake taratibu sana, maana angeuachia mkono ufanye utakavyo, simu ingevunjika. Akamgeukia Lusweti.

"Spika kubwa. Ndani yake kuna nini?"

Fundi alikuwa ameanza kuelewa. Uso wake ulilegea, na zile sentensi zake za mahakama zikamkimbia. "Sumaku," alisema. "Kubwa. Skrini kama hii haipatani na sumaku. Rangi zinahama, maandishi yanakuwa mawili mawili. Upande ule spika iko ndio unaharibika zaidi."

"Na ukiziondoa?"

"Inabaki na doa. Ukizima na kuwasha, doa linaanza kuisha."

"Kwa hiyo jana hukuikagua skrini. Uliiponya. Halafu ukaandika kwamba haijawahi kuugua."

"Mimi sikujua kulikuwa na spika! Hakuna mtu aliniambia!"

"Hukuuliza! Kuna msichana yuko ndani kwa sababu ya karatasi yako, na wewe unajivunia tai!"

Wanyonyi alirudi akihema. Stoo ilikuwa na magunia, pampu mbovu na baiskeli ya mlinzi. Hakuona kabati hata moja.

Shikanga alicheka. Kilikuwa kicheko kizuri, cha mtu aliyezoea kusamehewa. "Madam, nisamehe. Spika, ndio. Nilichanganya. Unajua kazi ni nyingi. Lakini usinigeuze mtu mbaya. Spika zangu ziko kwa marehemu Masinde sasa hivi. Jana, Jumamosi, liguru wa kijiji alikuja hapa akaniambia wafiwa wanaomba vyombo. Nikatoa bure. Bure kabisa. Uliza mtu yeyote."

"Nitauliza," alisema Awinja. "Wewe na fundi wako mtanisubiri hapahapa. Mkiondoka nitajua mmekwenda wapi."

Boma la Masinde halikuwa mbali, njia ya kwenda Butere, na sauti ililitangulia. Nyimbo za kwaya zilisikika tangu kwenye kona ya mto, kanda iliyosikilizwa mpaka ikachoka. Spika mbili nyeusi, kila moja karibu na urefu wa mtu, zilikuwa zimesimama chini ya turubai. Watu walijaa kwenye viti vya kanisa. Walipoona gari la polisi waligeuka, na mtu akapaza sauti akiuliza kama wamemleta yule muuaji.

Pascalia, mjane, alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni, leso imefungwa kiunoni. Alikuwa mwanamke mwembamba, mikono imekatwakatwa na majani ya miwa. Awinja alivua kofia, akachuchumaa mbele yake.

"Mulembe, mama. Pole sana."

"Mulembe. Asante. Mmekuja kusema mmemfunga?"

"Nimekuja kuuliza kuhusu vyombo hivi. Ni nani aliomba viletwe?"

Pascalia alimtazama kama anayeulizwa jambo la kipuuzi. "Hakuna mtu aliomba. Mzee Shikanga alituma tu. Ni mtu mzuri. Watu wote hapa wanamsifu."

Liguru Chrispinus, mzee mfupi mwenye fimbo, alikuwa ameketi hapo karibu. Awinja alimgeukia. "Wewe hukwenda kumwomba, jana?"

"Mimi? Jana nilikuwa mochari na ndugu za marehemu mchana mzima. Niliporudi nilikuta vyombo vinaimba."

"Vililetwa lini, mama? Jana asubuhi?"

"Apana. Ijumaa." Pascalia alisita. Alianza kusimulia kwa kasi ya mtu aliyekwisha kulisimulia jambo mara nyingi, kisha kasi ikapungua, neno kwa neno, kana kwamba alikuwa analisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza. "Ng'ombe zilikuwa bado hazijarudi. Nilikuwa jikoni nachambua mboga. Pikapu ikaingia, wanaume wawili wakaanza kushusha. Nikatoka nikawauliza, hii ni ya nini, kuna harusi ya nani? Dereva akasema ametumwa tu, ameambiwa ashushe kwa Masinde. Nikasema labda wamepotea. Nikawaambia Masinde akitoka shamba atawaambia."

"Na habari ya kifo? Ni nani aliileta?"

Liguru alijibu kwa niaba yake, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mimi. Kiwanda kilinitafuta jioni. Nilipofika hapa taa ilikuwa imewashwa. Mama alikuwa amempakulia chakula."

Kwaya iliendelea kuimba juu ya vichwa vyao, nayo hasira ilimpanda Awinja hadi kooni, hasira safi isiyo na pa kukaa. Shikanga alikuwa amezipakia zile spika maiti ikiwa bado shambani. Alijua kilichoharibu skrini. Akatafuta mahali ambapo spika hazingeulizwa swali, na katika nchi hii hakuna mahali ambapo spika haziulizwi swali kama penye matanga. Alikosea jambo moja. Aliharakisha mno, akapeleka matanga mahali ambapo walikuwa bado wanamsubiri mtu ale.

Alimweleza Pascalia yote, kwa maneno mepesi: sumaku, skrini, msichana aliyelalamika akaambiwa aoshe uso. Hakumficha kwamba ni Rosebella aliyeitamka ile namba. Mjane alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Nahitaji kuzichukua, mama. Ni ushahidi. Najua ni vibaya, watu wameketi."

Pascalia aliinuka. Alitembea moja kwa moja hadi chini ya turubai, akashika waya na kuung'oa. Kimya kilianguka bomani ghafla, mpaka watoto waliokuwa nyuma ya nyumba wakaja kutazama kumetokea nini. Kijana aliyekuwa akisimamia muziki alianza kubisha. Liguru akamwonyesha fimbo.

"Tutaimba na midomo yetu," alisema Pascalia. "Zibebe. Na mimi naenda nazo."

Wanyonyi na wanaume wengine wanne walizipandisha kwenye Land Rover. Pascalia aliketi nyuma, katikati ya spika mbili, ameshikilia moja isianguke.

Ofisini, Shikanga alikuwa kwenye simu. Alipoona kilichokuwa kinaingia mlangoni alikata bila kuaga. Awinja alionyesha kidole, na Wanyonyi akaziweka spika kushoto kwa meza. Pembe zake ziliingia ndani ya zile pembenne za sakafuni sawasawa.

Skrini ilianza upande wa kushoto. Weupe uligeuka zambarau, kisha kijani, na tarakimu zikaachana kila moja na kivuli chake, nyekundu huku, kijani kule. Lusweti alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alitaka kuondoka lakini Wanyonyi alikuwa ameujaza mlango.

"Keti," Awinja alimwambia Shikanga.

"Madam, tuzungumze kwanza nje, mimi na wewe."

"Keti! Shika simu ya upepo. Nisomee shamba la kwanza hapo juu, kushoto."

Shikanga aliketi. Aliinama mbele, akarudi nyuma, akakaza macho. Jasho lilianza kuonekana kwenye ukosi wa lile shati. Simu ya upepo ilikuwa mkononi, lakini hakuthubutu kubonyeza kitufe.

"Soma. Kuna watu wanasubiri na moto mkononi. Soma!"

"Sioni," alisema Shikanga.

"Nenda ukaoshe uso."

Awinja alinyanyua simu ya mezani, akapiga kituoni. Alimwambia askari wa zamu amtoe Rosebella Kageha sasa hivi, amtafutie chai na mahali pa kuketi penye heshima, na atume gari likalinde nyumba ya mama yake. Kuhusu kesi ya kesho, alisema, jina la mshtakiwa limebadilika. Alilitaja jipya polepole, herufi kwa herufi, huku akimtazama mwenye jina.

Shikanga aligeuza kiti. Ndipo alipomwona Pascalia amesimama kando ya grili, leso kiunoni, vumbi la njia limemjaa hadi kwenye kope. Alijitahidi kuinuka.

"Mama," alisema. "Mama Masinde. Pole sana. Kweli, pole."

Pascalia alionyesha spika kwa kidole.

"Pole yako nilipata Ijumaa," alisema. "Nilikuwa bado sijafiwa."

Wanyonyi alitoa pingu bila kuambiwa.